Mayai ya Rita na ubongo wa mwanao: maswali kutoka benchi la kliniki, Tanga

Baadhi ya wajawazito ninaowapima siku hizi ndio haohao niliowapokea mikononi mwangu walipozaliwa, ndiyo maana wengine huniita mama na wengine nesi, nami naitika yote. Asubuhi moja niliwaambia waliokaa benchini kwamba ubongo wa mtoto hujengwa kwa mazungumzo ya seli. Wakacheka. Mmoja akadakia, "Humo ndani anazungumza na nani?" Basi maswali yakafunguka, na mengine yakanifuata mpaka sokoni Ngamiani. Nimeyaandika hapa jinsi yalivyokuja.

Seli haina mdomo wala masikio. Inazungumzaje?

Kwa kemikali. Seli moja hutoa kitu, mara nyingi protini, nacho huenea mpaka kwa jirani. Jirani naye ana kipokezi kwenye utando wake wa nje, mfano wa kitasa kinachokubali ufunguo mmoja tu. Ufunguo ukiingia, mambo ya ndani hubadilika: jeni fulani huwashwa, nyingine huzimwa, na seli ikaanza kuwa kitu ambacho jana haikuwa.

Sisi watu wa pwani tuna mfano wetu. Weka chetezo cha udi kwenye pembe ya chumba. Aliyekaa karibu nacho, kanga yake itanukia mpaka kesho. Wa katikati atapata harufu ya wastani. Wa mlangoni atauliza tu, "Kwani mmefukiza?" Uti wa mgongo wa kiinitete, yaani mtoto anapoanza kuumbwa, hupangwa hivyohivyo. Kwenye upande ulioelekea tumboni zipo seli zinazotoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Ndiyo, ni jina la yule mhusika wa mchezo wa video. Wanasayansi nao wana utani wao. Upande wa mgongoni hutoka protini nyingine, za kundi la BMP. Seli iliyonusa sana ile ya kwanza huwa seli ya neva ya kuamrisha misuli. Zile za upande wa mgongoni huishia kuwa za kupokea habari za mguso, joto na maumivu. Seli hazina msimamizi anayeziita majina. Kila moja hujua imekaa wapi kwa kunusa, na kazi yake hutokana na mahali ilipokaa.

Haya mmeyajuaje? Nani aliyeingia tumboni akaona?

Tumboni hakuingia mtu. Waliingia kwenye yai la kuku, na hapo nina mtu wangu ninayempenda kumsimulia.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909. Baba yake hakutaka mabinti zake wasome chuo kikuu, lakini Rita alimshawishi, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1936. Miaka miwili baadaye serikali ya Mussolini ikatunga sheria za ubaguzi zilizowafukuza Wayahudi vyuoni na kazini, naye alikuwa Myahudi. Basi akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alichonga sindano za kushonea zikawa visu vyake vya upasuaji. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalipozidi mjini, familia ikahamia vijijini, naye akahama na darubini yake. Akawa anapanda baiskeli kutoka shamba hadi shamba kuomba mayai, tena akiwaambia wakulima kwamba ni ya watoto wake, ilhali hakuwa na mtoto hata mmoja. Alitaka yale yaliyopandwa na jogoo, yenye kifaranga ndani. Akishatoa kiinitete, kilichobaki kilipikwa kikaliwa nyumbani. Vita, nyie. Hapa Tanga, mji wa baiskeli, kisa hiki huwa sina haja ya kukieleza mara mbili.

Alikuwa akitafuta jibu la jambo moja. Mwanasayansi Viktor Hamburger, Mjerumani aliyekuwa Marekani, alikuwa ameonyesha kwamba ukikata kichipukizi cha bawa la kifaranga kikiwa bado kwenye yai, seli za neva ambazo zingekwenda kwenye bawa hilo hupungua. Hamburger alidhani seli hizo hazizaliwi kabisa. Rita, na sindano zake za kushonea, akaona tofauti: seli zinazaliwa vizuri, zinaanza safari, zinafika mahali pa bawa, hazimkuti mwenyeji, zinakufa. Kumbe bawa lilikuwa linatoa kitu cha kuzishika zisife.

Vita ilipokwisha, Hamburger alimwalika St. Louis. Alikwenda mwaka 1947 kwa muhula mmoja, akakaa karibu miaka 30. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro akiwa na panya wawili wenye uvimbe wa saratani aliowaficha kwenye mizigo yake ya mkononi, kwa sababu huko rafiki yake alikuwa na maabara ya kuotesha seli ndani ya kioo. Akaweka kipande cha uvimbe karibu na kifundo cha neva za kifaranga. Nyuzi za neva zikachomoza pande zote mithili ya miale ya jua. Uvimbe ulikuwa unatoa kile kitu kwa wingi. Baadaye mwenzake Stanley Cohen akakichuja kutoka kwenye sumu ya nyoka, kisha kutoka kwenye tezi za mate za panya dume. Kikaitwa kichochezi cha ukuaji wa neva, kwa kifupi NGF. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Rita alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 103.

Kwa hiyo seli za neva za mwanangu zinakufa tumboni? Umenitisha.

Usitishike, mwanangu. Mtoto hutengeneza seli za neva nyingi kuliko anazohitaji. Kila moja hurefusha mkono kuelekea inakotaka kuunganika, na huko mwisho wa safari kuna NGF au ndugu zake, lakini kwa kiasi. Nenda Deep Sea alfajiri mashua zinapoingia. Samaki ni wachache, wachuuzi tele. Aliyewahi atajaza ndoo, aliyechelewa atarudi nayo tupu. Kwa kifaranga, katika makundi fulani ya seli za neva karibu nusu hurudi na ndoo tupu na kufa, na huo ndio utaratibu wenyewe. Hivyo idadi ya neva hulingana na ukubwa wa mwili zinaouhudumia. Mtoto wako hapungukiwi kitu kwa hilo.

Nilianza kliniki mimba ina miezi minne, nikapewa vidonge vya damu vyenye foliki. Nimechelewa?

Kwa upande wa damu, hapana, meza kila siku wala usivifiche chini ya godoro. Kwa upande wa mgongo na fuvu, ukweli niuseme: ndiyo, dirisha hilo lilikuwa limeshafungwa.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama kitandiko bapa cha seli. Kitandiko hicho hujikunja, kingo mbili zikakutana na kushikana, ukawa mrija. Mrija huo hufunga kabisa siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Hebu hesabu kwa kuku: analalia siku 21, vifaranga wakitoka na kumaliza wiki moja tu, mrija wa mtoto wa binadamu umekwisha kufungwa. Siku hizo, wengi wetu tunajua mwanamke husema nini: "Nimechelewa kidogo tu kuona siku zangu, labda ni uchovu."

Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikui, na mtoto huyo haishi.

Foliki inaingiaje? Ni vitamini ya kundi B ambayo seli huihitaji kutengenezea DNA kila zinapogawanyika, na kitandiko kile kinajikunja huku seli zake zikigawanyika mbio. Kemikali za kupeana habari zinaweza kuwepo zote, lakini seli ikikosa malighafi ya kujizidisha, kingo hazikutani. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7, kwa wanawake ambao wote walikuwa wameshawahi kupata mimba ya namna hiyo. Katika mimba 1,195 zilizofuatiliwa hadi mwisho, 27 zilikuwa na tatizo hilo tena. Waliomeza foliki walikuwa 6 kati ya hao, wasiomeza 21. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa, kwa hiyo hatari ilipungua kwa asilimia 72.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 400 kila siku, kuanzia pale unapoanza kutafuta mtoto mpaka wiki ya 12. Mchicha, kunde na maharage vina foliki, lakini chakula peke yake ni vigumu kifikishe kiwango hicho, hasa mboga ikichemshwa mpaka ikalegea na maji yakamwagwa. Unga wa ngano wa viwandani huongezwa foliki kwa kanuni za nchi tangu 2011, kwa hiyo mahamri yako yana kitu. Ila sembe ya mashine ya mtaani kwa kawaida haina, na wengi wetu ndiyo tunayokula.

Jambo moja la kuangalia: usijinunulie foliki ya miligramu 5 duka la dawa ukaimeza pamoja na SP, ile dawa ya kukinga malaria unayopewa kliniki kuanzia mwezi wa nne. Dozi hiyo kubwa huipunguzia SP nguvu. Ile ya maikrogramu 400 haina ugomvi nayo.

Nikwambie ninachokiamini? Benchi la kliniki si mahali pake. Somo hili lilipaswa kutolewa ndani, kwa mwari, na kungwi wake. Anafundishwa mengi wiki ile, mengine hata siyataji hapa. Kidonge kimoja kwa siku hakingezidisha mzigo.

Bibi yangu wa Pongwe amenikataza mayai. Eti mtoto atazaliwa hana nywele.

Msalimie bibi, mwambie mkunga amesema nywele za kichanga zinatokana na ukoo na wakati wake wa kuota. Yai lina protini na kolini, na kolini nayo inatumika kujengea utando wa seli za ubongo. Liive tu, kiini kisiwe cha kutiririka. Akikataa kabisa, kula ukiwa kwako.

Sisi wa pwani tunakula samaki kila siku. Chumvi yenye madini joto ya nini?

Samaki wa baharini wana madini joto, hilo ni kweli. Lakini kiwango hutofautiana, na siku ya dagaa wawili kwenye mchuzi si sawa na siku ya changu mzima.

Madini joto hutumiwa na tezi ya shingo kutengeneza homoni, na homoni hiyo ni habari nyingine inayopelekwa kwa seli za ubongo: hameni, unganeni, vikeni ala nyaya zenu. Katika miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni ya mama yake. Mama akipungukiwa sana, madhara kwa akili na kusikia kwa mtoto hayarudi nyuma. Rovu analoona jirani shingoni ni sehemu ndogo ya habari.

Kwa hiyo ile chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi, haijatiwa madini joto, iachie kazi ya kukaushia samaki. Ya chakula nunua yenye alama ya madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, na uitie mwishoni chungu kinapokaribia kuepuliwa.

Wifi yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Watu wanasema kachezewa. Wengine wanasema alipita makaburini.

Pole kwake, na umwambie nimesema pole. Hakuchezewa. Mrija ulikosa kufunga katika wiki ya nne, wakati pengine yeye mwenyewe hajui kama ana mimba. Sababu huwa mchanganyiko: urithi, upungufu wa foliki, kisukari kisichodhibitiwa, homa kali wiki za mwanzo, baadhi ya dawa. Mara nyingine mama amefanya kila kitu na bado ikatokea. Sijawahi kuona faida ya kumtafuta mwenye kosa kwenye wodi ya wazazi.

Likitokea tena kwa mtu mwingine, fanyeni hivi. Uvimbe ule wa mgongoni funikeni kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Mlazeni mtoto kifudifudi au ubavu. Msipake mafuta wala majivu wala dawa ya majani, na msikandamize. Siku hiyohiyo apelekwe hospitali ya mkoa, Bombo, wao watapanga rufaa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa mgongo wazi na wa kichwa kikubwa. Ukifanyika mapema, ikiwezekana siku mbili tatu za mwanzo, hatari ya maambukizi hupungua. Kichwa kikubwa, yaani maji kujaa ubongoni, mara nyingi huandamana na mgongo wazi, kwa hiyo kichwa cha mtoto kipimwe kila mnapokwenda.

Na wifi yako asipate mimba nyingine bila kumwona daktari kwanza. Yeye atahitaji foliki ya dozi kubwa zaidi, ya kuandikiwa, na aianze kabla.

Nina kifafa na ninatumia dawa. Nitaweza kuzaa?

Utazaa. Lakini zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa mojawapo, valproeti, huongeza sana hatari ya mgongo wazi na matatizo ya akili kwa mtoto. Takriban watoto 10 kati ya 100 waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro kubwa. Daktari anaweza kukubadilishia. Usiache dawa mwenyewe, hata kama mimba umeshaipata. Degedege la ghafla linaweza kuwaua wote wawili.

Na mnazi? Glasi moja ya jioni?

Hapana. Pombe hupita kwa mtoto na huvuruga seli za neva zinapohama kwenda mahali pake. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, uwe mnazi, bia au mvinyo wa harusini.

Kaka mmoja aliyekuja na mkewe: hiyo NGF haiuzwi? Tumpe mtoto awe na akili.

Nilimwambia mume wangu swali hili, akacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini si swali la kijinga. NGF ni protini, ukiimeza tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama. Ukidungwa mwilini huleta maumivu makali, kwa sababu neva zinazobeba maumivu ndizo zinazoipenda. Iko dawa ya matone ya macho iliyotengenezwa kwa NGF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, nayo ni ya ugonjwa adimu wa kioo cha jicho kilichopoteza hisia. Si ya kuongeza akili.

Zile chupa za "kukuza ubongo wa mtoto" zinazopitishwa mitaani kwenye vikapu, fedha yake nunua mayai. Tena mayai ya Tanga wala hayahitaji kuombwa kwa baiskeli.

Mrija ukishafunga, basi kazi imekwisha?

Ndiyo kwanza imeanza. Mtoto anapozaliwa ubongo wake una uzito wa robo hivi ya ule wa mtu mzima. Seli nyingi tayari zipo, ila viunganishi kati yake vinamiminika baada ya kuzaliwa, kisha vinavyotumika hubaki na visivyotumika hukatwa. Kumsemesha, kumwimbia, kumjibu anapogugumia, hayo yote hufika kwenye seli kama habari. Baba naye anaweza. Niliona mmoja pale benchini amempakata mwanawe wa miezi mitatu, anamwelezea mechi ya Coastal Union kuanzia dakika ya kwanza, na mtoto kamkodolea macho bila kupepesa.

Yule aliyeniuliza mtoto anazungumza na nani ndiye aliyebaki mwisho. Yeye mimba yake ina miezi sita, hakuwa na shida. Alitaka kikaratasi cha mdogo wake, anaolewa mfungo pili. Nikamwandikia: foliki, maikrogramu 400, kidonge kimoja kila siku, aanze leo. Akakikunja akakitia kwenye pindo la kanga. Akaniuliza ampe mdogo wake mwenyewe au ampe somo yake. Nikamwambia ampe somo.